Kuzungumza na mgonjwa wa saratani aliye pembezoni mwa huduma: SPIKES, NURSE, Uliza–Eleza–Uliza, SHARE au maswali ya Kleinman?

Mhudumu aliyefundishwa njia moja tu ya kuzungumza na mgonjwa wa saratani huitumia kila mahali, hata pale isipofaa. Njia zilizopo zilitungwa kwa kazi tofauti. SPIKES ni ya kutoa majibu mabaya. NURSE ni ya kupokea hisia. Uliza–Eleza–Uliza ni ya kuhakikisha maelezo yamefika. Maswali ya Kleinman yanamsaidia mhudumu kujua mgonjwa mwenyewe anauonaje ugonjwa wake. SHARE inaipa familia nafasi kubwa kuliko nyingine zote. Kabla ya kuuliza ipi ni bora, jiulize leo una kazi gani mbele yako, na aliyeketi mbele yako ni nani.

Mgonjwa tunayemzungumzia hapa ni yule ambaye huduma haikupangwa kwa kumfikiria yeye. Anaishi mbali na hospitali ya saratani, hana bima au bima yake haitoshi, hasomi au anasoma kwa shida, lugha yake daktari haijui, au ametoka katika kundi lililozoea kudharauliwa tangu mlangoni. Mara nyingi amefika ugonjwa ukiwa umeshasonga mbele. Ameshapita kwa wahudumu kadhaa, na kila mmoja huenda alimwambia lake. Njia inayomfaa mgonjwa mwenye elimu na anayejiamini inaweza kumwacha huyu akijibu "ndiyo, daktari" kwa kila kitu, kisha asirudi tena.

| Njia | Kazi yake hasa | Muda wa kutenga | Inapokwama kwa mgonjwa huyu |
|---|---|---|---|
| SPIKES | Kutoa majibu mabaya | Dakika 20–40 | Pale mgonjwa anapoulizwa anataka kujua kiasi gani |
| NURSE | Kupokea hisia | Nusu dakika hadi dakika 2, kila hisia zinapojitokeza | Ikigeuka maneno ya kukariri |
| Uliza–Eleza–Uliza, pamoja na mgonjwa kueleza tena | Dawa, ratiba, dalili za hatari | Dakika 5–10 | Ikiulizwa kama mtihani |
| Maswali ya Kleinman | Kujua imani, hofu na matarajio | Dakika 5–15 | Mgonjwa akihisi anahojiwa au anachekwa |
| SHARE | Majibu mabaya ndugu wakiwapo | Dakika 20–40 | Ndugu wakimfunika mgonjwa |

Muda huo ni makadirio ya kupangia kazi. Kliniki yenye foleni ndefu haiwezi kumpa kila mgonjwa dakika 40, na ndiyo maana kuchagua kuna maana.

SPIKES: mpangilio mzuri wenye mashimo mawili

SPIKES ilichapishwa mwaka 2000 katika jarida la The Oncologist na Walter Baile, Robert Buckman na wenzao. Ina hatua sita: kuandaa mahali na watu, kujua mgonjwa anaelewa nini, kujua anataka kuambiwa kiasi gani, kutoa habari, kupokea hisia, na kupanga kinachofuata. Nguvu yake ni mpangilio. Daktari anayeogopa kulitamka neno saratani anajua aanzie wapi na amalizie wapi.

Shimo la kwanza liko katika hatua ya pili na ya tatu. Swali "Unajua nini kuhusu ugonjwa wako?" kwa mtu ambaye hakusoma linasikika kama mtihani. Atasema hajui, na kwenye faili itaandikwa kwamba mgonjwa haelewi lolote. Muulize habari za safari yake ya matibabu badala ya kupima elimu yake: "Mama, huko ulikotibiwa kwanza walikuambia nini?" "Walipochukua kile kinyama, walisema wanakwenda kuangalia nini?" "Na wewe mwenyewe, moyoni umekuwa ukiwaza ni nini?" Swali hili la mwisho mara nyingi ndilo linalofichua kwamba mgonjwa ameshahisi ni saratani wiki nyingi zilizopita, na amekuwa akiubeba wasiwasi huo peke yake.

Vivyo hivyo, ukimuuliza "Ungependa nikueleze kwa undani kiasi gani?" atakujibu, "Wewe ndiye daktari, wewe ndiye unajua." Jibu hilo ni heshima. Lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kummwagia kila kitu, wala kuwa ushahidi kwamba hataki kujua. Mpe machaguo ambayo mtu mwenye adabu anaweza kuyatamka: "Kuna wagonjwa wanaopenda nisome kila kilichoandikwa hapa. Kuna wanaotaka tu kujua ni nini na tutafanya nini. Na kuna wanaopenda mtoto wao asikilize pamoja nao. Wewe ungependa tufanyeje?" Akijua wapo wengine waliochagua kila njia, haoni haya kuchagua ya kwake.

Habari yenyewe itangulizwe na onyo fupi: "Majibu hayakutoka kama tulivyotaka." Subiri kidogo. Kisha litaje jina la ugonjwa: "Kile kinyama kimeonyesha saratani ya shingo ya kizazi." Maneno ya kuficha kama "kivimbe" au "seli zisizo za kawaida" yanaonekana ya upole, lakini matokeo yake ni mabaya. Mgonjwa akishafanyiwa upasuaji anaamini kivimbe kimetoka na kazi imekwisha, kwa hiyo haoni sababu ya kurudi kwa mionzi au tibakemikali. Wahudumu wakimtafuta baadaye wanasema ametoroka tiba, na hali hakuna aliyemwambia kwamba tiba ilikuwa bado inaendelea. Neno "chanya" nalo liachwe kabisa unapotoa majibu, kwa sababu msikilizaji analichukua kuwa habari njema.

Baada ya kulitaja jina, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi.

Shimo la pili liko hapo hapo. Ukimya unamwelemea daktari, naye anaruka kutoka kutoa habari hadi mpango wa tiba: mizunguko sita, kila baada ya wiki tatu, vipimo vya damu kabla ya kila mzunguko. Hatua ya hisia imerukwa, na karibu kila kilichosemwa baada ya neno saratani hakikusikika. Vitabu hushauri maelezo ya tiba yaahirishwe hadi siku nyingine, lakini ushauri huo umemlenga mtu anayekaa karibu. Kwa aliyekopa nauli, "rudi keshokutwa tuongee" ni adhabu. Ni afadhali daktari asimame hapo, mgonjwa akae nje na ndugu yake kwa muda wa saa moja hivi, apate maji, kisha muuguzi aliyekuwamo chumbani amwite siku hiyo hiyo aendelee na mpango. Muuguzi huyo awepo tangu mwanzo, ili asimuulize mgonjwa tena "umeambiwa nini?" akiwa bado analia.

NURSE: ndogo, ya haraka, na ndiyo inayokosekana zaidi

NURSE haitoi habari yoyote. Ni aina tano za kauli za kujibu hisia: kuitaja hisia, kuonyesha kwamba inaeleweka, kumheshimu mgonjwa kwa alichokifanya, kumwahidi kuwa naye, na kumwomba aseme zaidi. Unaweza kuiingiza ndani ya njia nyingine yoyote, ndiyo maana haishindani na SPIKES. Inajaza hatua yake ya tano.

Uhitaji wake unaonekana katika utafiti wa Morse na wenzake uliotoka mwaka 2008. Walichambua mazungumzo 20 yaliyorekodiwa kati ya madaktari na wagonjwa wa saratani ya mapafu, wakakuta nafasi 384 ambapo mgonjwa alidokeza hofu, huzuni au wasiwasi. Madaktari walizijibu kwa huruma nafasi 39 tu, yaani asilimia 10. Kisingizio cha muda nacho hakisimami. Mwaka 1999 Fogarty na wenzake waliwaonyesha wanawake video za mashauriano ya saratani ya matiti. Waliotazama ile iliyoongezwa sekunde 40 za maneno ya huruma walibaki na wasiwasi mdogo kuliko wenzao.

Ugumu uko katika kuyasema maneno haya bila kusikika umekariri. "Naona una huzuni" ikisemwa ghafla kwa mzee asiyezoea hisia zake kutajwa na mtu baki inaweza kumfanya ajifunge: "Hapana, sina neno." Kwa mtu kama huyo itaje habari, yeye umwache: "Mzee, habari kama hii ni nzito." "Mtu yeyote akiambiwa hivi angeshtuka." Mlango unabaki wazi, lakini hasukumwi kuingia. "Najua unavyojisikia" iepukwe, hasa pale mhudumu anapokuwa na maisha yaliyo mbali sana na ya mgonjwa. "Siwezi kujua yote unayopitia, ila naona ni mazito" ni kauli ya kweli zaidi, na mtu aliyezoea kudharauliwa anautambua ukweli upesi.

Ahadi ya kuwa naye pia ina mpaka. "Tutakupigania hadi mwisho" ni ahadi usiyoweza kuitimiza ikiwa dawa hazipo au wewe unahamishwa mwezi ujao. "Leo siondoki mpaka tumejua utaanzia wapi" inatosha, na unaweza kuitimiza.

Kauli ya heshima ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote kwa mgonjwa aliyechelewa kufika. Swali "Mbona umechelewa hivi?" husikika kliniki nyingi, na wanaouliza wengi wanasukumwa na uchungu wa kuona kidonda ambacho kingetibika mapema. Mgonjwa analipokea kama hukumu. Anaanza kujitetea, anapunguza miezi, anaficha dawa alizotumia nyumbani, na historia unayoandika inakuwa ya uongo. Unachohitaji kukijua ni njia aliyopitia, na kinapatikana kwa kuanza upande mwingine: "Umefanya vyema kufika. Najua kufika hapa si kazi ndogo. Nieleze tangu ulipoanza kuona mabadiliko, umepita wapi na wapi?" Ukisikiliza jibu lake, mara nyingi utagundua kwamba ucheleweshaji haukuwa wake: alipewa dawa za kuua vijidudu mara tatu, au kinyama chake kilipotea njiani kwenda maabara. Mwambie wazi: "Hilo halikuwa kosa lako."

Swali "Nitapona?" mara nyingi ni hofu iliyokuja kwa sura ya swali. Ukianza na asilimia, umejibu swali ambalo hajauliza. Jibu kwanza hofu: "Naona hilo ndilo linalokukosesha usingizi. Ni nini hasa kinachokutia hofu?" Huenda ni nani atabaki na watoto, huenda ni maumivu, huenda ni deni. Ukishamsikiliza, muulize kama anataka muongelee uwezekano wa kupona. Akitaka, mweleze kwa hesabu ya watu: "Watu kumi wenye hali kama yako wakitibiwa, saba..." na usibadilishe hesabu katikati, mara watu kumi, mara mia.

Uliza–Eleza–Uliza: tungeanza na hii kama nafasi ya kujifunza ni moja tu

Uliza anajua nini au anataka kujua nini. Eleza kidogo. Uliza tena amepata nini. Mzunguko huo unarudiwa kwa kila jambo jipya, na hatua ya mwisho hufanywa kwa kumwomba mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe.

Sababu ya kuipa kipaumbele ni kwamba inaweza kuzuia madhara yanayotokana na kutoelewana. Roy Kessels alionyesha mwaka 2003 kwamba wagonjwa husahau papo hapo kati ya asilimia 40 na 80 ya wanachoelezwa na wahudumu, na karibu nusu ya wanachokikumbuka si sahihi. Mwaka huo huo Schillinger na wenzake waliwachunguza madaktari waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa wa kisukari wenye uwezo mdogo wa kusoma. Katika ziara 61 madaktari walihakiki uelewa wa mgonjwa kwenye 12 tu, na ziara ambazo uelewa ulihakikiwa hazikuwa ndefu kuliko nyingine. Huo haukuwa utafiti wa saratani, lakini maelezo ya saratani ni mazito kuliko ya kisukari, kwa hiyo hatuoni kwa nini hali iwe nafuu.

Tofauti kati ya kuifanya vizuri na vibaya ni ndogo sana kimaneno. "Umeelewa?" inazaa "ndiyo" ya heshima. "Hebu nirudie nilichosema" inamfanya mtu mzima kuwa mwanafunzi. Mzigo uweke kwako: "Nimesema mengi, nataka nihakikishe nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani na mume wako akakuuliza, utamwambiaje?" Akikosea, kosa ni la maelezo yako, badilisha maneno, usiyarudie yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Mambo mawili au matatu kwa mara moja yanatosha.

Mfano unaostahili kufanyiwa mazoezi na kila muuguzi ni homa wakati wa tibakemikali. Chembe nyeupe za damu kwa dawa nyingi hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, na homa ya nyuzi 38 au zaidi wakati huo ni dharura. Mgonjwa asiye na kipimajoto nyumbani hawezi kuitumia namba hiyo. Mwambie: ukihisi joto mwilini, ukitetemeka kwa baridi, au ukiishiwa nguvu ghafla, njoo saa hiyo hiyo, hata usiku, usisubiri siku ya kliniki. Mwambie pia asimeze dawa ya kutuliza homa halafu akasubiri aone, kwa sababu homa itashuka na maambukizi yataendelea kupanda. Kisha uliza: "Tuseme ni Jumamosi usiku, umeanza kutetemeka. Utafanya nini?" Akijibu "nitasubiri Jumatatu," maelezo yako hayajafika. Akijibu "nitakuja, lakini usafiri wa usiku hakuna," umepata tatizo halisi la kulitatua kabla hajaondoka: kituo gani kilicho karibu naye, nani ana gari au pikipiki, na barua gani atakayoionyesha huko ili ahudumiwe bila kupangishwa foleni.

Karatasi za maelezo zisichukue nafasi ya hatua hii. Zinafaa kama zina picha, herufi kubwa na namba ya simu inayopokelewa kweli. Ila usidhani mgonjwa atakwambia kwamba hasomi. Atasema amesahau miwani. Kwa hiyo eleza kwa mdomo kwa kila mmoja, kisha muulize ni nani nyumbani ambaye angependa amsomee karatasi hiyo.

Maswali ya Kleinman: kabla ya mpango wa tiba

Arthur Kleinman, Leon Eisenberg na Byron Good waliyachapisha mwaka 1978. Ni maswali manane: unadhani ugonjwa wako umesababishwa na nini, kwa nini ulianza wakati ule, unakufanya nini mwilini, ni mkali kiasi gani na utachukua muda mrefu au mfupi, unadhani unahitaji tiba gani, unatarajia nini kutokana na tiba, umekuletea matatizo gani, na unaogopa nini zaidi.

Ukilinganisha na SPIKES, ambayo inatafuta mgonjwa anajua kiasi gani cha yale anayoyajua daktari, maswali haya yanakubali kwamba mgonjwa ana maelezo yake kamili. Tofauti hiyo inaonekana pale mgonjwa anapokataa upasuaji bila kutoa sababu. Margolis na wenzake walichapisha mwaka 2003 utafiti uliofanyika Marekani katika kliniki za mapafu: asilimia 38 ya wagonjwa waliamini kwamba saratani husambaa uvimbe ukipigwa na hewa wakati wa upasuaji, na kati ya Wamarekani weusi waliamini hivyo asilimia 61. Daktari asiyeuliza ataendelea kueleza ustadi wa upasuaji, na anachokiogopa mgonjwa ni kisu chenyewe. Kukanusha tu hakutoshi. Anza na alichokiona yeye: pengine jirani yake alifanyiwa upasuaji akafariki miezi miwili baadaye. Mweleze kwamba jirani huyo huenda saratani ilikuwa imeshasambaa kabla ya kufunguliwa, na upasuaji ndio uliowafanya watu waione.

Usiyasome yote manane kama fomu. Chagua matatu: unadhani umesababishwa na nini, unaogopa nini zaidi, unatarajia tiba ikufanyie nini. Uliza pia kuhusu dawa nyingine kwa sauti ile ile unayoulizia vidonge: "Wagonjwa wengi hutumia dawa nyingine pamoja na zetu. Wewe umetumia zipi?" Zipo mitishamba zinazopunguza nguvu ya dawa za saratani, St John's wort, kwa mfano, hupunguza kiwango cha irinotecan na imatinib katika damu. Mgonjwa aliyekemewa mara moja hatasema tena, na hapo unampimia dozi bila kujua.

Tahadhari moja: maswali haya waulizwe wagonjwa wote. Ukiyatoa tu kwa wale unaowaona "wa mila," umeshawahukumu, nao wanalihisi hilo.

SHARE, na swali la nani aambiwe kwanza

SHARE ilitengenezwa Japani na Maiko Fujimori na wenzake kutokana na yale ambayo wagonjwa wa saratani wenyewe walisema wanayapendelea: mazingira ya faragha, namna habari inavyotolewa, maelezo ya ziada kama athari kwa maisha ya kila siku, na kutiwa moyo pamoja na kuijali hisia ya mgonjwa na ya familia yake. Jaribio lililochapishwa mwaka 2014 lilionyesha kwamba wagonjwa wa madaktari waliofunzwa njia hii walikuwa na dalili chache za sonona na walimwamini daktari wao zaidi.

Ndugu wanapokuwa ndio wanaolipa, wanaouguza na wanaoamua, SHARE inaenda vizuri zaidi kuliko SPIKES, ambayo imejengwa zaidi juu ya mgonjwa mmoja na daktari mmoja. Hatari yake ni mgonjwa kugeuzwa msikilizaji. Kinga ni kumuuliza mapema, kabla vipimo havijatoka: "Majibu yakija, ungependa nikuambie wewe, wewe na ndugu yako, au ndugu yako kwanza?" Andika jibu kwenye faili kwa maneno yake. Likiulizwa siku ya majibu, swali hilo lenyewe linamwambia kwamba mambo ni mabaya.

Ndugu akikuvuta pembeni akasema "Tafadhali usimwambie," usimkatalie hapo hapo na usimkubalie. Muulize anahofia nini kikitokea. Mara nyingi ni kwamba mgonjwa atakata tamaa, na hofu hiyo inastahili kusikilizwa. Kisha mwambie kwamba hutamlazimisha mgonjwa kusikia asichotaka, lakini akikuuliza mwenyewe hutamdanganya. Mnaingia pamoja, unamuuliza mgonjwa mbele ya ndugu anataka kujua nini. Mtu anayepelekwa kwenye mionzi kila siku akiambiwa ni vidonda vya tumbo anajua kwamba anafichwa. Kinachobaki ni upweke.

Mkalimani: ndugu, mfanyakazi aliye karibu, au aliyefunzwa

Njia zote zilizotajwa huvunjika zikipitia kwa mkalimani mbaya. Glenn Flores na wenzake walichapisha mwaka 2012 utafiti wa idara za dharura za watoto: makosa yenye uwezo wa kuleta madhara yalikuwa asilimia 12 ya makosa yote kwa wakalimani wa kitaalamu, asilimia 22 kwa watu waliookotwa tu kutafsiri, na asilimia 2 kwa wale wa kitaalamu waliopata mafunzo ya saa 100 au zaidi. Kwa hiyo hata kwa simu, aliyefunzwa ni bora kuliko ndugu aliye chumbani. Mtoto asitumike kamwe kumwambia mama yake kwamba ana saratani.

Ikiwa huna budi kumtumia mfanyakazi asiyefunzwa, kaa naye dakika mbili kabla. Mwambie habari ni mbaya, kubalianeni neno mtakalotumia kwa saratani, na umwombe aseme yote bila kufupisha wala kulainisha. Mketishe kando ya mgonjwa, nyuma kidogo, ili macho yako yabaki kwa mgonjwa. Sema sentensi moja au mbili, simama. Ukisema maneno ishirini yakatafsiriwa kwa matatu, uliza. Kueleza tena kwa maneno yake, kupitia mkalimani, ndicho kipimo pekee ulichonacho.

Kile ambacho hakuna njia iliyokiweka: gharama na nauli

Hakuna hata moja kati ya hizi tano yenye hatua ya fedha, na kwa mgonjwa huyu fedha ndiyo inayoamua kama tiba itakamilika. Maneno mazuri yasiyogusa nauli yanamwacha alipokuwa. Harold Freeman alianzisha mwaka 1990 katika hospitali ya Harlem, New York, mpango wa wasindikizaji wanaomvusha mgonjwa vikwazo vya fedha, usafiri na makaratasi. Mpango huo ulipoambatana na uchunguzi wa matiti wa bure au wa gharama nafuu, waliokuwa hai baada ya miaka mitano kati ya wagonjwa wa saratani ya matiti hospitalini hapo walipanda kutoka asilimia 39 hadi 70.

Pasipo na msindikizaji, ongeza maswali matatu mwishoni mwa njia yoyote uliyochagua: "Ni kitu gani kinaweza kukuzuia kurudi tarehe hiyo?" "Ukiwa kwenye tiba, nani atafanya kazi zako?" "Gharama hii ikikushinda katikati, utaniambia?" Waulize wote, aliyevaa vizuri na aliyevaa vibaya, ili lisiwe swali la maskini. Na utaje gharama yote tangu mwanzo. Mgonjwa aliyeuza shamba kwa ajili ya mizunguko miwili ya dawa, kisha akaambiwa imebaki minne, amepoteza shamba na tiba pia. Kama uwezo wa kumaliza haupo, kuna mpango mwepesi zaidi au tiba shufaa inayoondoa maumivu. Hayo asikie kabla ya kuuza, kutoka kwa mtu aliye tayari kujibu maswali yake.

Kuchagua kwa siku ya kazi

Siku ya majibu, tumia SPIKES kwa mgonjwa aliyesema aambiwe mwenyewe, na SHARE kwa aliyetaka ndugu wawepo. Kauli za NURSE ziingie ndani ya zote mbili. Siku ya kupanga tiba, tanguliza maswali matatu ya Kleinman. Siku za dawa, muuguzi afanye Uliza–Eleza–Uliza kwa jambo moja kila ziara: homa wiki hii, kutapika wiki ijayo. Kliniki inayoanza kutoka sifuri isijaribu zote kwa pamoja. Chukua kauli moja, kwa mfano "utamwambiaje aliye nyumbani?", kila mhudumu aitumie kwa wiki nzima, kisha mkutane nusu saa muelezane wagonjwa walijibu nini na wapi ilikwama. Igizeni kwa zamu, daktari awe mgonjwa, na atakayeigiza mgonjwa apewe karatasi yenye hofu moja ambayo mwenzake lazima aigundue.

Kwenye faili ongezeni mistari minne ambayo yeyote atakayemwona baadaye ataisoma kwanza: ameambiwa nini na kwa neno gani, nani amechagua awe naye, anaogopa nini zaidi, na nini kinaweza kumzuia kurudi.